Ghiyathuddin Jamshid al-Kashi: Mwanachuoni wa Hesabu wa Samarkand

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Maswahaba zake.

Wazee wengi wamekuwa wakitufikia na suala moja. Kijana wao amemaliza shahada ya kwanza, na sasa anataka kusafiri kwenda kusoma shahada ya uzamili ya hisabati ya ukokotoaji. Wazee wanauliza: ni elimu gani hiyo, na itamfaa nani? Tumeona tuwajibu kwa kusimulia maisha ya mwanachuoni aliyeishughulikia elimu hiyo miaka 600 iliyopita, kabla ya kompyuta kujulikana.

Jamshid al-Kashi alizaliwa Kashan, katika nchi ya Iran ya leo, karibu na mwaka 1380. Alikuwa tabibu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye hesabu na elimu ya nyota. Tunajua kwamba mwaka 1406 alikuwa Kashan akichunguza kupatwa kwa mwezi. Miaka mingi aliishi katika dhiki, hana cheo wala mfadhili wa kudumu. Hata hivyo aliendelea kuandika. Mwaka 1414 alimaliza kitabu cha majedwali ya nyota akamtunukia Ulugh Beg, mtawala wa Samarkand, mjukuu wa Timur. Humo alikiri kwamba bila ya msaada wa mtawala huyo asingeweza kukimaliza.

Ulugh Beg alijenga madrasa kubwa Samarkand kati ya mwaka 1417 na 1420, na hesabu na elimu ya nyota zikasomeshwa humo. Al-Kashi akaitwa, akaiacha Kashan.

Kutoka huko alikuwa akimwandikia baba yake. Katika barua hizo alimweleza wanachuoni aliowakuta, masuala yaliyowashinda wengine naye akayafumbua, na namna darsa zilivyoendeshwa. Alimsimulia kwamba mtawala mwenyewe alikuwa akihudhuria, na hakumruhusu mtu kukubali jambo la elimu kwa ajili ya kumridhisha. Aliyeitikia bila ya kufahamu alikaripiwa. Wazee waliobaki nyumbani wanaelewa thamani ya barua kama hizo.

Mwaka 827 Hijria, sawa na 1424, al-Kashi alimaliza risala yake juu ya mzingo wa duara. Suala lilikuwa la zamani: mzingo ni mara ngapi ya kipenyo? Archimedes, Myunani, alitumia umbo lenye pande 96 kulikaribia duara. Al-Kashi alianza kwa kujiuliza ni kosa dogo kiasi gani linaloweza kuvumiliwa. Akajiwekea sharti: katika duara ambalo kipenyo chake ni mara 600,000 ya kipenyo cha dunia, kosa la mzingo lisifikie unene wa unywele. Kutokana na sharti hilo akajua kwamba anahitaji umbo lenye pande 805,306,368. Akakokotoa kipeuo cha pili, kimoja baada ya kingine, mara 28, kwa mkono, hadi akapata tarakimu 16 sahihi baada ya nukta. Ilipita zaidi ya miaka 150 kabla ya mtu kumpita.

Hiyo ndiyo hisabati ya ukokotoaji. Mwanafunzi wa leo anafundishwa jambo hilo hilo: aseme kwanza anataka usahihi kiasi gani, kisha apange hatua, kisha athibitishe kwamba kosa halikuvuka mpaka.

Alitafuta pia saini ya nyuzi 1 kwa njia ya kuweka jibu la kukisia, kulitumia kupata jibu bora zaidi, kisha kulirudisha tena na tena. Kompyuta zinafanya hivyo mpaka leo. Majedwali ya saini ndiyo waliyoyatumia wanachuoni kupata nyakati za Swala na mwelekeo wa Qibla.

Hakuiacha elimu yake kwa wakubwa peke yao. Mwaka 1427 alimaliza Miftah al-Hisab, kitabu alichowaandikia pia wajenzi, wapima ardhi, makarani wa hesabu na wafanyabiashara. Humo alieleza sehemu za desimali, na namna ya kupima matao na makuba ili fundi ajue vifaa vinavyohitajika.

Alifariki Samarkand tarehe 19 Ramadhani 832, yaani 22 Juni 1429, kabla kazi ya kituo cha kuchunguzia nyota, aliyoishughulikia sana, haijakamilika. Wenzake waliiendeleza, na Ulugh Beg akamtaja kwa heshima katika majedwali yaliyotoka humo.

Basi mzee anayeulizwa ruhusa asimuulize mwanawe mshahara peke yake. Amuulize ataifanya kazi ya nani iwe sahihi zaidi: ya mjenzi, ya daktari, ya mvuvi anayengoja khabari za upepo. Na kijana naye akishafika huko, aandike nyumbani.

Tunamuomba Allah amrehemu al-Kashi, awape vijana wetu elimu yenye manufaa, na awarudishe kwa wazee wao salama. Amin.