Robert Koch

Robert Koch (Clausthal, 11 Desemba 1843 – Baden-Baden, 27 Mei 1910) alikuwa daktari na mtaalamu wa bakteria kutoka Ujerumani. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa utafiti wake kuhusu kifua kikuu. Alifanya kazi pia Afrika ya Mashariki, ikiwemo Mwanza.

Maisha

Alihitimu udaktari Göttingen mwaka 1866. Kuanzia 1872 alikuwa daktari wa wilaya huko Wollstein (leo Wolsztyn nchini Poland). Akitumia hadubini nyumbani kwake, alionyesha mwaka 1876 kwamba kimeta husababishwa na bakteria.

Utafiti wa vidonda

Zamani zile wengi walionusurika katika ajali au upasuaji walikufa baadaye kwa vidonda kuoza. Koch aliwadunga panya na sungura damu na majimaji yaliyooza, akaona kwamba kila aina ya maambukizi ilikuwa na bakteria wake. Matokeo aliyachapisha mwaka 1878.

Ujuzi huo ni msingi wa matibabu ya vidonda hadi leo, vikiwemo vya moto. Ngozi iliyoungua haizuii tena bakteria, na kuungua sana hudhoofisha kinga ya mwili mzima. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuponea moto, kisha akafa siku kadhaa baadaye kwa bakteria walioingia katika damu.

Mwaka 1882 Koch alitambulisha bakteria wa kifua kikuu, na mwaka 1884 wale wa kipindupindu.

Kinga ya mwili

Mwaka 1890 wasaidizi wake Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo waligundua kwamba damu ya mnyama aliyepata kinga huweza kuzuia sumu ya pepopunda. Mwaka huohuo Koch alitangaza tuberkulini kuwa dawa ya kifua kikuu. Haikuponya, na baadhi ya wagonjwa walikufa. Baadaye ilifaa kama kipimo: ngozi huvimba pale kinga ya mwili inapoitambua.

Afrika ya Mashariki

Mwaka 1905 alichunguza homa ya papasi katika koloni la Kijerumani. Mwaka 1906 alifika Mwanza kutafiti malale, ugonjwa unaoletwa na vimelea vinavyoenezwa na mbung'o. Kwa kuwa wagonjwa walikuwa wachache hapo, alivuka ziwa hadi visiwa vya Ssese, Uganda.

Huko aliwadunga wagonjwa wengi atoksili, dawa yenye arseniki. Mwanzoni wengi walipata nafuu, lakini vimelea vilirudi. Alipoongeza kipimo, zaidi ya wagonjwa 20 walipofuka, wasipate kuona tena.

Urithi

Njia zake za kuotesha na kutambua bakteria bado hutumika katika maabara za hospitali. Historia ya tuberkulini na atoksili hutajwa pia katika mafunzo ya maadili ya utafiti, hasa kuhusu majaribio ya dawa kwa watu wa makoloni.