Okot p'Bitek: jirani yetu wa Gulu aliyeacha imani

Sisi tuliosoma Uganda au Kenya tulikutana na Okot p'Bitek darasani, kupitia Song of Lawino ya mwaka 1966. Tulifundishwa kwamba ni mtetezi wa mila. Hatukuambiwa kwamba alikuwa mwanafalsafa ambaye hakuficha kuwa si muumini.

Alizaliwa Gulu mwaka 1931, Mwacholi kama ndugu zetu wa Magwi. Wazazi wake walikuwa Waprotestanti. Baba mwalimu, mama mwimbaji hodari. Alisoma Gulu na King's College Budo, na mwaka 1953 akachapisha riwaya kwa Kiacholi, Lak Tar. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu ya taifa ya mpira ya Uganda, akabaki huko kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha elimu ya jamii na tamaduni Oxford. Huko ndiko Ukristo wake ulikoisha.

Katika mhadhara wa kwanza kabisa Oxford, mwaka 1960, mwalimu aliwaita Waafrika washenzi. Okot alipinga, hakusikilizwa. Alisoma dini za Waluo miaka kadhaa, na mwaka 1970 akatoa kitabu kuhusu dini za Kiafrika na wasomi wa Magharibi. Humo aliwashambulia wamisionari, lakini pia wasomi Waafrika kama John Mbiti, akisema wanawavika miungu ya mababu mavazi ya Kigiriki ili Mzungu aridhike.

Kisa kimoja alichokisimulia kimenikaa kichwani. Mapadri wa Kitaliano waliwauliza wazee wa Acholi nani aliyewaumba. Lugha haikuwa na neno la kuumba kwa maana hiyo, kwa hiyo swali likageuka: nani aliyewafinyanga? Wazee wakashangaa, maana mtu huzaliwa na mama yake. Walipobanwa sana wakakumbuka kwamba mtu anaweza kuzaliwa sawa, kisha mgongo ukapinda, na anayeufinyanga hivyo ni jini aitwaye Rubanga. Mapadri wakafurahi. Tangu hapo jina la jini wa kibiongo likawa jina la Mungu makanisani.

Mimi sikubaliani na Okot. Kosa la mfasiri halithibitishi kwamba Muumba hayupo. Lakini najiuliza sisi tunaofanya daawa hapa Juba, tukiruka kutoka Kiarabu hadi Kibari au Kiacholi, tumewahi kukaa na wazee kuuliza wanachosikia tunaposema maneno yetu?

Jambo jingine la ajabu ni kwamba aliishi kama mtu wa peke yake, akigombana na kila upande, ilhali aliandika kwamba hakuna binadamu anayezaliwa huru: unazaliwa tayari mtoto wa fulani, mpwa wa fulani, na minyororo hiyo ndiyo inayokufanya mtu. Muislamu anayejua haki za jamaa ataelewa haraka.

Aliongoza National Theatre ya Kampala, akapoteza kazi baada ya kuikosoa serikali akiwa safarini Zambia. Miaka mingi ya enzi ya Amin alifundisha Nairobi, kisha Ife nchini Nigeria. Mwaka 1982 alirudi Makerere kufundisha uandishi. Alifariki Julai mwaka huohuo, akiwa na miaka 51. Insha zake kuhusu mtu na minyororo yake zilitoka 1986.