Sheikh Al-Amin Mazrui: Kadhi aliyetetea elimu ya wasichana wa Mombasa

MARA nyingi Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui hukumbukwa kwa wadhifa wake wa Kadhi Mkuu wa Kenya, au kwa kuwa baba mzazi wa Profesa Ali Mazrui, mwanazuoni aliyefariki mwaka 2014. Ni wachache wanaomkumbuka kama mtetezi wa elimu ya wasichana, katika zama ambapo wazazi wengi wa Mji wa Kale waliona haya hata kulizungumza jambo hilo hadharani.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo ulioutawala mji huo hadi mwaka 1837. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, alikuwa mwanachuoni mashuhuri, lakini alifariki mwanawe akiwa bado mtoto mdogo. Malezi na masomo yake yakawa mikononi mwa jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye alivuka bahari hadi Unguja kusoma kwa mabingwa wawili wa wakati huo, Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir.

Mwaka 1895, alipokuwa na umri wa miaka minne, Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya nchi ambayo leo ni Kenya. Alikua akishuhudia mamlaka, biashara na ardhi zikiwaponyoka wenyeji wa pwani. Aliposoma maandishi ya wanamageuzi wa Misri, Muhammad Abduh na Rashid Rida, aliafikiana nao kwamba mnyonge hatanyanyuka pasi na elimu.

Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo liitwalo Sahifa. Mwaka 1932 likafuatwa na Al-Islah, lililotoka kwa Kiswahili na Kiarabu. Kiswahili cha Sahifa kiliandikwa kwa hati za Kiarabu, na uteuzi huo ulikuwa na maana kubwa. Wasichana wengi wa Mombasa walikuwa wamepitia chuoni na kufunzwa kusoma Kurani. Kwa hiyo hati hizo hazikuwa ngeni kwao, ingawa herufi za Kirumi zilizotumiwa na serikali ya kikoloni hawakuzijua.

Si kweli, basi, kwamba mwanamke wa pwani hakuwa na kisomo kabisa. Mwana Kupona wa Pate alitunga utenzi wake mashuhuri katika karne ya 19. Hata hivyo, kwa walio wengi masomo yalikoma punde msichana alipokaribia kuvunja ungo na kuanza kutawishwa. Wapo wazazi waliokubali binti asome lakini wakakataa afundishwe kuandika, kwa hofu kwamba angewaandikia wanaume barua.

Hofu hizo ndizo Sheikh Al-Amin aliazimia kuzing'oa. Alijenga hoja zake juu ya misingi ya dini yenyewe: kwamba kutafuta elimu ni wajibu wa kila Mwislamu, mume na mke, na kwamba mama ndiye mwalimu wa kwanza wa mtoto. Jamii inayowaacha mama zake gizani, kwa mtazamo wake, inajinyima kizazi kijacho.

Ikumbukwe kwamba hakuwa mpenzi wa kila kilichotoka Ulaya. Katika makala zake aliwaonya vijana dhidi ya kuiga mavazi na mienendo ya Wazungu. Elimu aliyoitaka kwa wasichana ilikuwa ya kuwafanya Waislamu wema na walezi bora wa nyumba zao. Si ya kuwapeleka ofisini. Msomaji wa leo ataiona mipaka ya fikra hiyo. Lakini pengine ni kwa sababu ya mipaka hiyo wazazi wenye shaka walimsikiliza. Kauli ya mmishonari wangeipuuza. Ya kadhi isingepuuzwa kwa urahisi.

Mwaka 1932 aliteuliwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwaka uliofuata, 1938, serikali ilifungua shule ya wasichana wa Kiarabu mjini Mombasa. Shule ya wavulana ilikuwa imefunguliwa mwaka 1912. Dada zao walingoja miaka 26.

Hata jina la shule hiyo lilidhihirisha dosari ya sera ya kikoloni, iliyogawa elimu kwa misingi ya rangi na kabila. Msichana ambaye familia yake haikuhesabiwa miongoni mwa Waarabu hakuwa na nafasi sawa, hata kama aliishi mtaa mmoja na aliyepokelewa.

Sheikh Al-Amin alifariki mwaka 1947 akiwa ameacha vitabu vya mafunzo ya dini, tafsiri ya Kurani aliyoianza kwa Kiswahili, na historia ya ukoo wa Mazrui. Makala zake za Sahifa zilikusanywa katika kitabu Uwongozi, ambacho tafsiri yake ya Kiingereza ilichapishwa mwaka 2017. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wanawake Waislamu wa Mombasa waliunda vyama vyao wenyewe vilivyojishughulisha na maendeleo na elimu.

Serikali ya Kenya huru nayo ilianzisha kampeni ya kufuta ujinga kwa watu wazima mwaka 1979, na elimu ya msingi bila malipo mwaka 2003. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa waliojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 64.2 ya wanaume na asilimia 58.9 ya wanawake.

Pengo hilo linathibitisha jambo ambalo Kadhi wa Mombasa alilitambua mapema. Serikali inaweza kujenga shule na kuondoa karo, lakini mlango wa kwanza ambao msichana hupitia ni ule wa nyumbani kwao, na ufunguo wake wanao wazazi.