Mtakatifu Thoma wa Akwino, Mwalimu

Ninyi mliokwisha kuhudhuria Baraka ya Sakramenti Takatifu mmeusikia wimbo wa Tantum ergo. Tangu zamani wimbo huo umehesabiwa kuwa kazi ya mtawa mmoja wa Italia, aliyeagizwa na Papa Urbano wa Nne kutunga sala na nyimbo za sikukuu ya Mwili wa Kristu, mwaka 1264. Jina lake Thoma wa Akwino. Lakini kazi yake ya kila siku haikuwa kutunga nyimbo. Alikuwa mwalimu, tangu ujana wake hata miezi michache kabla ya kufa. Watu wengi hudhani kwamba mtu akaaye na vitabu hana vita. Huyu alipata vita nyumbani kwa mama yake, akapata vita chuoni, na hata alipokwisha kuzikwa vita havikukoma.

Alizaliwa karibu na mwaka 1225 katika boma la Roccasecca, katikati ya Roma na Napoli. Baba yake Landolfo alikuwa mkubwa mwenye mashamba na askari, mtumishi wa Kaizari Frederiko wa Pili. Mama yake Teodora naye alikuwa wa ukoo mkubwa. Thoma alikuwa mdogo kupita ndugu zake wote wa kiume. Kwa desturi ya siku zile mtoto wa namna hiyo hakungojea kurithi boma, bali alitolewa kwa Eklezya. Basi alipopata umri wa miaka mitano hivi, wazazi wakampeleka Monte Cassino, monasteri kubwa ya Mtakatifu Benedikto iliyokuwa jirani. Hawakumpeleka kwa ajili ya sala tu. Walitumaini kwamba siku moja atakuwa abati, mwenye mamlaka juu ya nchi na watu, na ukoo wote upate heshima na faida.

Mwaka 1239 Kaizari na Papa waligombana, askari wakaishika monasteri, na kijana Thoma akapelekwa Napoli penye chuo kikuu alichokianzisha Kaizari mwenyewe mwaka 1224. Huko alikutana na mambo mawili yaliyogeuza maisha yake. La kwanza ni vitabu vya Aristoteli, Mgriki mwenye hekima aliyekufa miaka zaidi ya mia tatu kabla ya kuzaliwa Bwana wetu. La pili ni Ndugu Wahubiri, watawa wa Mtakatifu Dominiko, ambao hawakuwa na mashamba wala maboma, bali waliomba chakula chao milangoni mwa watu, wakasoma na kuhubiri mijini. Mwaka 1244 akavaa kanzu yao.

Habari hiyo ilipofika Roccasecca ilikuwa kama msiba. Mwana wa mkubwa aombe mkate njiani! Wadominiko walijua hatari, wakamtoa upesi Napoli ili apelekwe mbali. Lakini ndugu zake, waliokuwa katika jeshi la Kaizari, wakamvizia njiani, wakamkamata, wakamrudisha bomani. Akakaa humo karibu mwaka mmoja. Wasimulizi wa kale wanasema kwamba walimletea mwanamke ili aanguke, naye akamfukuza kwa kijinga cha moto. Wengi hupenda kuisimulia habari hiyo kuliko nyingine zote. Mimi naona jambo lingine ni kubwa zaidi: yule kijana aliyefungwa na watu wake mwenyewe hakuwachukia. Alisoma Biblia, na yasemwa kwamba aliwafundisha dada zake, hata mmoja wao akaingia utawa. Mwisho mama yake alichoka. Mwaka 1245 Thoma akaachiliwa, akarudi kwa Wahubiri wake.

Wakubwa wa shirika wakampeleka Paris, halafu mwaka 1248 akamfuata mwalimu wake Alberto, yule aitwaye Mkuu, mpaka mji wa Köln huko Ujerumani. Thoma alikuwa mtu mnene, mrefu, mpole, asiyesema ovyo. Wanafunzi wenzake wakamcheka, wakamwita ng'ombe bubu. Alberto alipoyapima majibu yake siku moja katika mashindano ya maneno, aliwaambia wote kwamba sauti ya ng'ombe huyo itasikika duniani kote. Yafaa kukumbuka kwamba Alberto mwenyewe alikuwa mwenye elimu kupita karibu watu wote wa wakati wake. Haikuwa sifa ya bure.

Mwaka 1252 Thoma alirudi Paris kuanza kufundisha. Hapa lazima nieleze kidogo jinsi chuo kile kilivyokuwa. Mtu hakuwa mwalimu mkuu wa elimu ya Mungu kwa kutaka tu. Sheria ya mwaka 1215 ilidai awe amesoma miaka mingi, na umri wake usipungue miaka 35. Kwanza alikuwa mwalimu msaidizi, akieleza kitabu cha Petro Lombardo ambacho kila mtu alipaswa kukipitia. Thoma alifanya kazi hiyo miaka minne. Mwaka 1256, alipokuwa na miaka 31 hivi, akapewa ruhusa ya kuwa mwalimu mkuu kabla ya umri ule.

Lakini wakati huo chuo kiliwaka moto. Walimu wasio watawa hawakupenda Wadominiko na Wafransisko. Walisema kwamba watawa hao wananyang'anya wanafunzi, hawafuati mashauri ya chama cha walimu, na kwamba kuomba chakula si desturi ya Injili. Mwalimu mmoja, Guillaume wa Saint-Amour, aliandika kitabu kikali juu yao. Papa Alesandro wa Nne akakihukumu mwaka ule ule wa 1256. Mambo yalikuwa mabaya hata wapiga mishale wa Mfalme Luis wa Tisa wakawekwa kulinda nyumba ya Wadominiko, kwa sababu watu waliwarushia mawe. Siku Thoma alipotoa somo lake la kwanza, wako waliozuiwa wasiende kumsikiliza.

Yasemwa kwamba kabla ya siku hiyo aliogopa sana. Aliomba kwa machozi, kwa maana hakujua achague neno gani, na usiku mzee mmoja akamtokea katika ndoto akamwonyesha neno la Zaburi. Somo lenyewe tunalo mpaka leo. Alieleza kwamba mvua hutoka juu, ikanyesha milimani, na kutoka milimani maji hushuka mabondeni, nchi ikazaa. Hivyo ndivyo hekima: hutoka kwa Mungu, huwafikia walimu, nao huwapitishia wanafunzi. Mlima haujitengenezei maji. Kwa kijana aliyepigwa vita na walimu wenzake, lilikuwa neno la unyenyekevu na la ushujaa pia. Chama cha walimu kilimpokea yeye na Mtakatifu Bonaventura mwaka 1257, tena kwa kulazimishwa na Papa. Na ugomvi haukuisha: mwaka 1259, Dominika ya Matawi, Thoma akiwa anahubiri, mtumishi mmoja wa chuo alisimama katikati ya watu akasoma kwa sauti maandishi ya kuwatukana watawa.

Kazi ya mwalimu mkuu ilikuwa ya namna tatu: kueleza Maandiko Matakatifu, kuhubiri, na kuongoza mabishano. Mnajua jinsi shauri linavyokatwa kijijini: huyu asema, yule akana, wazee husikiliza mpaka mwisho, kisha mmoja huamua. Mabishano ya Paris yalifanana na hayo. Swali liliwekwa, wanafunzi na walimu wakaleta maneno ya kupinga, mwalimu msaidizi akajibu, na siku nyingine mwalimu mkuu akakata shauri. Mara mbili kwa mwaka, wakati wa Majilio na wa Kwaresima, mtu ye yote aliweza kuuliza neno lo lote alilotaka. Walimu wengi waliikwepa siku hiyo. Thoma hakuikwepa. Na hata katika vitabu vyake aliandika vivyo hivyo: kwanza maneno ya wapinzani, kwa nguvu zao zote, bila kuyapunguza, halafu jibu lake.

Swali kubwa la siku zile lilikuwa hili: je, Mkristu aweza kujifunza hekima kwa mtu asiyemjua Kristu? Vitabu vya Aristoteli vilikuwa vimekatazwa kufundishwa Paris mwaka 1210 na 1215. Tena wale waliovieleza kwa bidii walikuwa Waislamu, kama Ibn Sina na Ibn Rushd, na Myahudi Musa Maimonide. Wengine waliona ni sumu. Thoma alisema kwamba kweli yote, hata ikitamkwa na nani, asili yake ni Mungu. Kwa hiyo akili ya mtu na imani haziwezi kupigana, zikitumika vema. Aliposoma Ibn Rushd alichukua kilichokuwa sawa, na palipo na kosa akamjibu kwa akili, wala hakumjibu kwa hasira ya dini. Ili awe na maneno sahihi ya Aristoteli alitumia tafsiri za Mdominiko mwenzake, Guillaume wa Moerbeke, mtu wa Flandria, katika nchi iitwayo leo Ubelgiji.

Tangu 1259 alifundisha Italia, katika miji ya Orvieto na Roma. Huko Roma, karibu na mwaka 1265, aliona kwamba vijana waanzao kusoma wanateseka. Vitabu vilikuwa na maswali mengi yasiyo na faida, mambo hayakupangwa, neno lile lile likarudiwa mpaka wasikilizaji wakachoka. Basi akaanza kitabu kipya kwa ajili ya wanaoanza tu, chenye utaratibu. Ndicho kile Summa Theologiae, ambacho leo maprofesa hukisoma kwa shida. Nani angefikiri kwamba kilikusudiwa wanafunzi wapya!

Akarudi Paris mwaka 1268, akafanya kazi isiyopimika. Waandishi watatu au wanne walikaa mbele yake, naye akawasemea habari mbalimbali kwa zamu. Mwaka 1272 shirika likamtuma Napoli kuanzisha nyumba ya masomo, na Mfalme Charles akaagiza nyumba hiyo ipewe wakia moja ya dhahabu kila mwezi kwa ajili ya mafundisho yake. Hapo, katika Kwaresima ya mwaka 1273, mwalimu huyo aliyezoea Kilatini cha wenye elimu alipanda mimbarani akawaeleza watu wa mji Nasadiki na Baba Yetu kwa lugha ya nyumbani kwao, neno kwa neno, kwa mifano ya kawaida. Wachuuzi na wanawake na wanafunzi wakajaa kanisani. Maneno yake yaliandikwa kwa Kilatini, nayo ni mafupi. Hayo mnayojifunza ninyi kabla ya ubatizo ndiyo aliyoyafundisha mwisho.

Tarehe 6 Desemba mwaka ule, alipokuwa akisoma Misa, jambo fulani lilimpata. Tangu siku hiyo hakuandika tena. Ndugu Reginaldo, msaidizi wake, alimsihi akimalize kitabu, maana alikuwa amefika katika Sakramenti ya Kitubio. Thoma akamjibu kwamba hawezi, kwa kuwa yote aliyoyaandika ameyaona kuwa kama majani makavu, akiyalinganisha na yale aliyoonyeshwa.

Mwezi uliofuata aliitika mwito wa Papa Gregorio wa Kumi kwenda Mtaguso wa Lyon. Yasimuliwa kwamba njiani aligonga kichwa kwenye tawi la mti. Akaugua, akapelekwa katika monasteri ya Fossanova, akafa humo tarehe 7 Machi 1274, hajatimiza miaka 50.

Miaka mitatu kamili baadaye, tarehe 7 Machi 1277, Askofu wa Paris alihukumu maneno 219 yaliyofundishwa chuoni, na baadhi yalifanana na mafundisho ya Thoma. Siku chache tu baadaye Askofu Mkuu wa Canterbury, Mdominiko kama yeye, alifanya vivyo hivyo huko Oxford. Wanafunzi wake wakamtetea kwa miaka mingi. Papa Yohane wa Ishirini na Mbili alimtangaza mtakatifu mwaka 1323, na mwaka 1325 Askofu mwingine wa Paris akaiondoa hukumu ile, kwa yote yaliyomhusu Thoma. Mwaka 1369 mifupa yake ilichukuliwa kutoka Italia ikapelekwa Toulouse, mji wa Ufaransa ambamo Mtakatifu Dominiko alianzisha shirika lake. Ilifika tarehe 28 Januari, na ndiyo siku ya sikukuu yake.