Donald Hebb: Mwalimu Aliyechunguza Jinsi Ubongo Unavyojifunza

Mtahiniwa, soma kwa makini habari ya maisha ya mtu huyu, kisha ujibu maswali yaliyo mwishoni. Unaposoma, jiulize: unaporudia somo mpaka likakukaa, ni kitu gani hubadilika ndani ya kichwa chako?

Donald Olding Hebb alizaliwa tarehe 22 Julai 1904 huko Chester, katika jimbo la Nova Scotia, nchini Kanada. Baba na mama yake walikuwa madaktari. Mama alimfundisha nyumbani hadi alipotimiza miaka minane. Alipoanza shule alirushwa madarasa, akafika darasa la saba akiwa na miaka kumi tu. Hata hivyo, usidhani kwamba mambo yalimnyookea. Alipofika darasa la kumi na moja alifeli, ikambidi arudie. Mwaka 1925 alihitimu Chuo Kikuu cha Dalhousie kwa alama za chini.

Ndoto yake ilikuwa kuandika riwaya, lakini haikutimia. Alifundisha katika shule aliyosoma, akafanya kazi ya shamba magharibi mwa Kanada, kisha akawa kibarua jimboni Quebec. Baadaye alivutiwa na maandishi ya Sigmund Freud, akaamua kusoma saikolojia katika Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal. Huku akisoma, alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya mjini humo. Pale alijaribu jambo la ajabu: mwanafunzi msumbufu alitolewa nje akacheze, na kubaki darasani kukawa heshima. Tangu hapo swali la jinsi mtu anavyojifunza halikumwacha.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Kifua kikuu kilimshika kwenye nyonga, akalala kitandani kwa muda mrefu. Mwaka 1933 mke wake alifariki kwa ajali ya gari. Mwaka uliofuata alihamia Chicago kusoma chini ya Karl Lashley, mtafiti mashuhuri wa ubongo, kisha akamfuata Harvard, ambako alipata shahada ya uzamivu mwaka 1936.

Mwaka 1937 alirudi Montreal kufanya kazi na daktari mpasuaji Wilder Penfield. Huko alikutana na fumbo. Wagonjwa waliokuwa wameondolewa sehemu kubwa ya mbele ya ubongo waliendelea kufanya vizuri katika baadhi ya vipimo vya akili. Kama sehemu ya ubongo imeondolewa na maarifa yamebaki, basi maarifa hayo yamehifadhiwaje? Alitafuta jibu kwa wanyama pia. Panya aliowapeleka nyumbani wakalelewa na binti zake waliwashinda panya wa maabara katika majaribio ya kutafuta njia. Malezi yenye mambo mengi ya kuona na kufanya yalikuwa yamewabadilisha.

Mwaka 1949 alitoa kitabu kilicholeta jibu. Ubongo una seli za neva, na seli hizo hupelekeana ishara kupitia maungio yaitwayo sinapsi. Hebb alieleza kwamba seli moja ikishiriki mara kwa mara katika kuiamsha nyingine, maungio kati yao huimarika. Seli nyingi zinazoamka pamoja huwa kundi, na baadaye ukiliamsha kwa sehemu tu, kundi zima huamka.

Wewe unayesoma Tarime au Serengeti fikiria njia ya ng'ombe iendayo Mto Mara. Siku ya kwanza ni nyasi tupu. Ng'ombe wakipita kila siku, nyasi hulala, udongo hukanyagika, na njia huonekana. Hakuna aliyeichora, imetokana na kupita. Kwa Hebb, kujifunza ni jambo la namna hiyo.

Lakini wazo zuri si lazima liwe sahihi. Ubongo ulio hai haukuweza kufunguliwa ili seli zote zitazamwe zikijifunza. Katikati ya miaka ya 1950, Nathaniel Rochester na wenzake wa kampuni ya IBM walitumia njia nyingine. Walitengeneza ndani ya kompyuta modeli ya seli za neva, wakaiwekea kanuni ya Hebb, wakasubiri makundi yajitokeze. Hayakujitokeza. Wazo lililosifiwa lilikuwa limeshindwa mtihani wake.

Je, lilitupwa? Hapana. Walitafuta kilichopungua. Peter Milner, mwenzake Hebb pale McGill, alipendekeza kwamba pamoja na seli zinazoamsha nyingine, lazima ziwepo seli za kuzuia. Rudi kwenye mfano wetu: ng'ombe wakiachwa wapite popote, uwanja wote hukanyagwa na hakuna njia inayoonekana. Njia hutokea pale penye uzio wa kuwazuia. Modeli ilipoongezewa uzuiaji, makundi yakaanza kujitokeza. Matokeo yalichapishwa mwaka 1956, na Milner akachapisha marekebisho yake mwaka 1957.

Hata hivyo, kompyuta kufaulu hakukuthibitisha kwamba ubongo hufanya vivyo hivyo. Ushahidi ulihitajika kutoka kwa viumbe hai. Mwaka 1973 Timothy Bliss na Terje Lømo walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Oslo, Norwei, kwa sungura. Njia za neva zilizochochewa kwa nguvu na kwa kurudiwa zilibaki zikipitisha ishara vizuri zaidi kwa saa nyingi. Maungio yalikuwa yameimarika.

Hebb alifariki mwezi Agosti 1985, akiwa amerudi Nova Scotia alikozaliwa. Mwaka 1982, akiwa bado hai, John Hopfield alitumia kanuni yake kutengeneza modeli ya kompyuta inayokumbuka. Hopfield na Geoffrey Hinton walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2024 kwa kazi iliyosaidia kujenga akili unde ya leo. Nao watafiti wa ubongo wanaendelea kutumia modeli kama hizo kupima mawazo yao, kisha hurudi kwa viumbe hai kuona kama ndivyo ilivyo.

Mtahiniwa, zingatia mambo mawili. Kwanza, kusoma usiku mmoja kabla ya mtihani ni kumpitisha ng'ombe mara moja; pita njia hiyo mara nyingi, kwa siku nyingi. Pili, karatasi ya mtihani wa utamilifu ikirudi na alama za kukosa, usiitupe. Tafuta kilichopungua, kama walivyofanya wale waliopima wazo la Hebb.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kanuni ya Hebb kwa maneno yako mwenyewe.
2. Kwa nini modeli ya kwanza ya kompyuta ilishindwa, na ilirekebishwaje?
3. Mwandishi ametumia mfano wa njia ya ng'ombe. Uzio katika mfano huo unawakilisha nini?
4. Kwa nini utafiti wa mwaka 1973 ulihitajika ingawa kompyuta ilikuwa imefaulu?
5. Fupisha habari hii kwa maneno yasiyozidi 100.