Habari za Paul Gerhardt, Mchungaji Aliyeondolewa Kazini

Katika sharika zetu wako watu walioachishwa kazi, nao huuliza mioyoni mwao kama Mungu naye amewaachisha. Wengine waliondolewa pasipo kosa. Wengine huamka alfajiri kwa mazoea, wakavaa, kisha wakakaa mlangoni, maana hawana pa kwenda. Kwa ajili yao nataka kusimulia habari za mtu ambaye jina lake limechapwa chini ya nyimbo nyingi za Kanisa la Kilutheri, wala taabu zake hazijulikani na wengi wanaoziimba nyimbo hizo.

Paul Gerhardt alizaliwa tarehe 12 Machi 1607 katika mji mdogo wa Gräfenhainichen, nchi ya Ujerumani, si mbali na Wittenberg alikofundisha Luther. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, naye alipata kuwa mkuu wa mji. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka 11 vilianza vita vile viitwavyo vya Miaka Thelathini, vilivyoiharibu Ujerumani tangu 1618 hata 1648. Mwaka wa 1619 baba yake akafa, na mwaka wa 1621 mama yake akafa pia. Basi Paul akawa yatima kabla hajatimiza miaka 15. Akasoma katika shule ya Grimma, na mwaka wa 1628 akaingia chuo kikuu cha Wittenberg kujifunza elimu ya Uungu. Mwaka wa 1637 askari wa Sweden wakauteketeza mji wao kwa moto, na nyumba ya baba yake ikaungua pamoja na kanisa alimobatizwa. Mwaka uo huo ndugu yake akafa kwa tauni.

Sasa angalieni hesabu hii. Aliingia chuo kikuu mwaka wa 1628, akapata usharika mwaka wa 1651, naye amekwisha kuwa na umri wa miaka 44. Miaka 23 yote mtu huyu aliyesomea uchungaji hakuwa mchungaji. Alifundisha watoto katika nyumba za watu, na tangu mwaka wa 1643 au karibu na hapo alikaa Berlin, katika nyumba ya wakili mmoja, Andreas Berthold, akila mezani pake. Wenzake walipata sharika, wakaoa, wakazaa. Yeye alikuwa akingoja. Sisi tuliotoka chuoni tukapewa kazi mara moja, heri tunyamaze hapa na kusikiliza.

Lakini katika miaka ya kungoja ndipo nyimbo zilipoanza kutokea. Katika kanisa kuu la Berlin liitwalo Nikolaikirche palikuwa na mwalimu wa waimbaji, Johann Crüger, fundi mkubwa wa tuni. Mwaka wa 1647 Crüger alitoa kitabu cha nyimbo, na ndani yake nyimbo 18 zilikuwa za Gerhardt. Katika chapa ya mwaka wa 1653 zilikuwamo nyingi zaidi, na mmoja wao ni ule umwambiao mtu amkabidhi Mungu njia zake. Huo ameujenga juu ya Zaburi ya 37, mstari wa 5, hata kila ubeti huanza kwa neno moja la mstari ule katika Kijerumani. Mwenye kusoma maneno ya kwanza ya beti zote 12 kwa utaratibu ameusoma mstari mzima. Ushikeni mwaka huo wa 1653, maana tutauhitaji mbele.

Usharika wake wa kwanza ulikuwa Mittenwalde. Mwaka wa 1655 alimwoa Anna Maria, binti wa wakili yule. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mwaka wa 1656 akafa mwaka uliofuata. Katika kanisa la Mittenwalde wazazi waliweka kibao cha ukumbusho wake, nao wakachagua maneno ambayo Yakobo alimjibu Farao juu ya uchache na ubaya wa siku zake, katika Mwanzo 47. Yakobo alisema hayo akiwa na umri wa miaka 130. Wao waliyaandika juu ya mtoto mchanga. Walizaa watoto watano katika ndoa yao, na wanne wakazikwa wangali wadogo. Akabaki mmoja tu, Paul Friedrich, aliyezaliwa mwaka wa 1662.

Mwaka wa 1657 Gerhardt aliitwa Berlin awe mmoja wa wachungaji wa Nikolaikirche. Watu wakampenda. Lakini mtawala wa nchi ile ya Brandenburg, Friedrich Wilhelm, alikuwa mfuasi wa mafundisho ya Calvin, na raia zake wengi walikuwa Walutheri, na wahubiri wa pande hizi mbili walikuwa wakitukanana mimbarani. Nasema kwa haki kwamba mtawala alitaka amani, na matusi yale yalikuwa aibu. Mwaka wa 1664 akatoa amri ya kukataza mashindano hayo, kisha akataka kila mchungaji atie sahihi kwamba ataishika. Ndani ya amri ile palikuwa na jambo lililowachoma Walutheri: liliuondolea nguvu Mwafaka wa mwaka wa 1577, mojawapo ya maungamo ambayo wachungaji waliwekewa mikono juu yake. Gerhardt hakupata kuwatukana Wakalvini mimbarani, na hata adui zake walilijua hilo. Lakini aliona kwamba kutia sahihi ni kuondoa kwa kalamu neno alilolikiri mbele za Mungu siku ya kuwekewa mikono.

Wengi walitia sahihi. Tusiwahukumu upesi, walikuwa na wake na watoto, na nyumba waliyolala ilikuwa ya usharika. Gerhardt naye alikuwa na mke dhaifu wa mwili na mtoto mdogo. Mwezi wa Februari 1666 akaitwa mbele ya baraza, akapewa nafasi ya kufikiri; akajibu kwamba amekwisha kufikiri. Akaondolewa kazini.

Ndipo mji ukaamka. Mafundi wa nguo, waoka mikate, wachinjaji, washonaji na wafua bati, kila chama kikapeleka maombi pamoja na wakuu wa mji, wakimtaka mchungaji wao arudishwe. Mtawala akalegea, na mwezi wa Januari 1667 akamrudisha, pasipo kumdai sahihi. Lakini mtumishi wa mtawala alimletea pia neno la kinywa kwamba bwana wake anatumaini kuwa Gerhardt ataishika amri ile hata bila kutia sahihi.

Hapa watu wengi wangalisema asante, wakavaa kanzu na kupanda mimbarani. Karatasi ilikuwa safi, mkono wake haukuandika kitu. Gerhardt akakaa na neno lile siku kadhaa, na dhamiri yake haikumpa raha. Aliona ya kuwa amerudishwa kwa sharti lile lile, ila limefichwa. Akaandika kwamba hawezi kurudi. Wengine humwita mkaidi kwa hilo, nami sikubaliani na kila jambo alilolishikilia juu ya Wakalvini. Lakini hakuwa na kazi nyingine mkononi alipokataa. Hilo lataka kupimwa na kila amwitaye mkaidi.

Watu husimulia kwamba alipofukuzwa alisafiri kwa miguu pamoja na mkewe, wakalala katika nyumba ya wageni, mke akilia, naye akatoka bustanini akautunga wimbo ule wa kumkabidhi Mungu njia zetu. Hadithi hiyo ni nzuri, lakini si kweli. Wimbo ulikuwa umechapwa tangu mwaka wa 1653, miaka 13 kabla ya kuondolewa kwake. Nami naona kweli yapita hadithi. Saa ya kufukuzwa hakutunga tumaini jipya. Alikuwa na lile la zamani, aliloliweka katika miaka ya kungoja, wakati hakuna aliyejua kwamba litahitajiwa hivyo. Alipaswa sasa kuuishi wimbo ambao watu wote wa Berlin waliujua kwa moyo.

Nao haukumwondolea msiba. Mwezi wa Machi 1668 Anna Maria akafa katika Berlin. Gerhardt akabaki na mwana mmoja, pasipo usharika, umri wa miaka 61. Mwaka huo wa 1668 mji wa Lübben, uliokuwa nje ya mamlaka ya mtawala yule, ukamwita. Lakini nyumba ya mchungaji ilikuwa mbovu na matengenezo yakachelewa, hata akaingia kazini mwaka wa 1669. Huko hakupendwa kama Berlin. Alihubiri, akabatiza, akazika, miaka saba. Nyimbo mpya karibu hazikutoka tena. Zake zote, kama 140, nyingi sana zilikuwa zimekwisha kuandikwa.

Kabla ya kufa alimwandikia mwanawe wasia. Hakuwa na mali ya kutaja. Alimwonya ajiepushe na tamaa ya fedha, azuie hasira, na awatendee watu mema hata wasipoweza kumlipa.

Akafa tarehe 27 Mei 1676, akazikwa katika kanisa la Lübben. Wimbo wake wa kichwa cha Bwana kilichotiwa miiba huimbwa na Walutheri wa nchi nyingi katika siku za Mateso, pia katika misiba ya watu wasiomjua yeye kabisa. Katika kanisa lile la Lübben ilitundikwa picha yake, mzee mwenye uso mtulivu, na chini yake maneno machache ya Kilatini yasemayo kwamba mwanazuoni huyu wa Mungu alipepetwa katika ungo wa Shetani.