Margaret Wade: Kocha aliyesubiri miaka 41 kurudishiwa mchezo wake

Kila mwaka, msimu wa vikapu vya wanawake wa vyuo vikuu nchini Marekani unapokaribia kufika tamati, mchezaji mmoja huteuliwa kuwa bora zaidi na kukabidhiwa tuzo iitwayo Wade Trophy. Nancy Lieberman aliibeba mara mbili. Maya Moore aliitwaa mara tatu mfululizo. Hata Caitlin Clark, yule ambaye huenda umeshatazama mirusho yake ya mbali kwa simu hadi bando likaisha, naye yumo kwenye orodha hiyo.

Lakini sasa, Wade ni nani? Hapo ndipo mashabiki wengi huanza kukuna kichwa. Si mwenye kampuni aliyenunua jina lake likaandikwa kwenye kikombe, wala si tajiri aliyejenga ukumbi. Alikuwa mwalimu wa michezo kutoka mji mdogo katika jimbo la Mississippi, mwanamke aliyepokonywa vikapu akiwa chuoni na akarudishiwa akiwa na miaka 60. Alichofanya baada ya kurudishiwa ndicho kilichomweka kwenye vitabu vya historia.

Jezi zilizoteketezwa

Margaret Wade alizaliwa Disemba 30, 1912, mjini McCool, Mississippi. Wakati huo vikapu ulikuwa mchezo mchanga sana. Ulibuniwa mwaka wa 1891 mjini Springfield, jimbo la Massachusetts, na mwaka uliofuata mwalimu mmoja kwa jina Senda Berenson akaupeleka kwa wanafunzi wa kike wa Chuo cha Smith. Yaani wasichana walianza kuucheza karibu wakati mmoja na wavulana. Hawakuja baadaye kuomba nafasi. Walikuwepo tangu mwanzo.

Wade alijiunga na Delta State, chuo cha kufunza walimu kilichoko katika mji wa Cleveland. Usichanganye na ule mji mkubwa wa Cleveland ulioko Ohio. Huu ni mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya pamba, kwenye tambarare za Mississippi. Pale chuoni alicheza misimu mitatu, akawa nahodha, na timu yake haikuwa ya kuchezewa. Kupoteza mechi kwao lilikuwa jambo la nadra.

Kisha mwaka wa 1932, kabla hajacheza msimu wake wa mwisho, uongozi wa chuo ukafuta timu. Sababu? Eti mchezo ulikuwa mzito mno kwa wanawake.

Hebu tuwe wakweli, wazo hilo halikuwa la chuo kimoja. Lilikuwa limeenea Marekani nzima. Mnamo 1923 Lou Henry Hoover, ambaye mumewe Herbert alikuja kuwa rais wa nchi hiyo, aliongoza uanzishaji wa kitengo cha wanawake katika shirikisho la riadha za ridhaa. Kitengo hicho kilipigania wasichana washiriki michezo kwa ajili ya afya na furaha, lakini kikapinga mashindano makali, safari za timu na mechi za kuuziwa tiketi. Walioshikilia msimamo huo wengi walikuwa wanawake wasomi, na waliamini kwa dhati kwamba wanawalinda wasichana. Ndiyo maana lilikuwa vigumu kuupinga. Mtu anayekunyima kitu akidhani anakusaidia huwa hasikii kelele zako.

Wade na wenzake walilia. Halafu wakakusanya jezi zao wakazipiga moto.

Kwa wengi wao huo ndio ukawa mwisho wa hadithi yao ya vikapu chuoni. Timu haikurudi mwaka uliofuata, wala miaka kumi baadaye. Vizazi vya wasichana vilipita pale Delta State, wakahitimu, wakaolewa, wakazeeka, bila timu ya chuo ya kuchezea.

Kocha wa shule ya mtaani

Wade alihitimu mwaka wa 1933. Hakukubali kuutupa mchezo. Alichezea kwa muda timu ya Tupelo Red Wings, iliyolipa kidogo, hadi jeraha la goti likamlazimu kukaa kando. Njia iliyobaki ilikuwa moja tu, kufundisha.

Alianzia katika shule ndogo ndogo za Mississippi, kisha akatua katika Shule ya Upili ya Cleveland, mji uleule alikosomea. Hapo alikaa kwa miaka mingi. Ukiangalia hesabu zake za miaka ya shule za upili unaweza kudhani kuna aliyekosea kuandika: ushindi 453, vichapo 89 na sare 6.

Mchezo aliofundisha enzi hizo haukufanana sana na huu wa leo. Katika shule nyingi za Marekani wasichana walicheza sita kila upande, na uwanja uligawanywa kwa mstari katikati. Watatu walibaki upande mmoja kushambulia, watatu wengine upande wa pili kulinda, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuka. Sheria ziliandikwa kwa hofu ileile ya 1932, kwamba msichana akikimbia uwanja mzima atadhurika.

Licha ya ushindi wote huo, taji kuu la jimbo lilimkwepa. Miaka yake ya mwisho pale shuleni vijana wake walifika fainali mara tatu mfululizo, na mara zote wakarudi nyumbani mikono mitupu. Juu ya hayo afya yake ikayumba. Alikuwa na vita vyake na saratani. Akaachana na ukocha, na mwaka wa 1959 akachukua kazi ya kufundisha elimu ya viungo katika Delta State, chuo kilekile kilichomfungia mlango. Akawa mkuu wa idara hiyo upande wa wanawake. Timu hapakuwa.

Kwa hesabu ya kawaida, hapo safari ilikuwa imeisha. Mwalimu mwenye rekodi nzuri, taji hana, anangoja kustaafu.

Sheria yabadilika, simu yalia

Mwaka wa 1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria maarufu kama Title IX. Kwa lugha rahisi ilisema hivi: taasisi ya elimu inayopokea pesa za serikali ya kitaifa hairuhusiwi kumbagua mtu kwa sababu ya jinsia. Sheria yenyewe haikutaja michezo waziwazi, lakini michezo ndiyo iliyotikisika zaidi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, vikapu vya wanawake vyuoni vilikuwa vimehamia rasmi kwenye mchezo wa wachezaji watano, uwanja mzima. Ule mstari wa katikati haukuwa tena ukuta.

Mwaka wa 1973 rais wa Delta State aliamua kufufua timu ya wanawake, na aliyemwendea ni Margaret Wade. Alikuwa na miaka 60, viungo vinauma, na muda mrefu umepita tangu akae kwenye benchi kama kocha. Angeweza kusema asante, lakini wakati wangu umepita. Wengi wetu tungesema hivyo, kisha tukaendelea kunung'unika kuhusu 1932.

Alikubali.

Msimu wa kwanza, 1973-74, timu hiyo mpya ilishinda mechi 16 na kupoteza 2 pekee. Mambo yalikuwa ndiyo yanaanza.

Lusia Harris aingia

Kila kocha mkubwa huwa na mchezaji ambaye majina yao hutajwa pamoja. Wa Wade alikuwa Lusia Harris. Alitoka Minter City, Mississippi, katika familia yenye watoto kumi na mmoja iliyoishi kwa kilimo. Kimo chake kilizidi futi sita, mikono imara, na akiupata mpira karibu na kikapu ulikuwa unaanza kuhesabu pointi kabla hajarusha.

Lakini kuna jambo hapa ambalo si la vikapu. Harris alikuwa mweusi. Wade alipokuwa nahodha miaka ya 1930, msichana kama Harris asingekubaliwa hata kusoma Delta State, sembuse kuvaa jezi. Chuo kilikuwa cha wazungu pekee, na kilianza kupokea wanafunzi weusi katika miaka ya 1960. Kwa hiyo mlango aliofungiwa Wade ulikuwa mmoja; aliofungiwa Harris ilikuwa miwili. Timu ile ilipoanza kutamba, Harris ndiye aliyekuwa mweusi pekee kikosini, katika jimbo ambalo ubaguzi ulikuwa bado kidonda kibichi. Naye ndiye aliyekuwa nguzo ya timu.

Msimu wa 1974-75 Delta State walicheza mechi 28 na kushinda zote. Fainali ya taifa iliwakutanisha na Immaculata, chuo kidogo cha Kikatoliki kutoka Pennsylvania ambacho kilikuwa kimenyakua taji miaka mitatu mfululizo. Hao ndio waliokuwa wafalme, au tuseme malkia, wa mchezo. Delta State wakawalaza 90-81, na Harris akafunga pointi 32.

Wade, aliyekosa taji la jimbo miaka yote ile, sasa alikuwa bingwa wa nchi nzima.

Na hakuishia hapo. Mwaka wa 1976 wakakutana tena na Immaculata kwenye fainali, wakawapiga 69-64. Mwaka wa 1977 zamu ya kuchapwa ikawa ya LSU kutoka Louisiana, 68-55. Mataji matatu mfululizo. Katikati ya safari hiyo walishinda mechi 51 bila kupoteza hata moja. Pale mjini Cleveland mashabiki walijaa ukumbini kuona wasichana kuliko waliokwenda kuona timu ya wanaume, jambo ambalo hata leo vyuo vingi haviwezi kujivunia.

Kiangazi cha 1976 vikapu vya wanawake viliingia kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza, jijini Montreal. Aliyefunga kikapu cha kwanza kabisa katika historia ya mashindano hayo ni Lusia Harris. Marekani walirudi na medali ya fedha nyuma ya Usovieti. Kumbuka tu kwamba miaka mitatu kabla ya hapo, chuo chake hakikuwa na timu.

Mlango uliofunguka nusu

Wade alistaafu mwaka wa 1979. Katika misimu yake sita chuoni alishinda mechi 157 na kupoteza 23. Jumlisha na za shule za upili, unapata ushindi 610 dhidi ya vichapo 112. Tuzo yenye jina lake ilikuwa imeshaanza kutolewa mwaka wa 1978, mshindi wa kwanza akiwa Carol Blazejowski wa Montclair State. Mwaka wa 1985 akaingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa vikapu kule Springfield, pamoja na Senda Berenson, yule mwalimu aliyewafunza wasichana wa kwanza kabisa, ambaye alikuwa ameshafariki. Mwanamke wa tatu aliyeingia nao alikuwa Bertha Teague, kocha wa shule ya upili kutoka Oklahoma.

Ni rahisi kuifunga hadithi hii hapo, tupige makofi twende zetu. Lakini hebu mwangalie tena Harris. Alipomaliza chuo mwaka wa 1977 akiwa na pointi 2,981, hapakuwa na ligi ya kulipwa ya wanawake Marekani. Timu ya wanaume ya New Orleans Jazz ilimchagua kwenye orodha ya wachezaji wapya wa NBA, lakini hakwenda. Baadaye alichezea Houston Angels kwa muda mfupi katika ligi ya wanawake ambayo haikudumu, kisha akarudi Mississippi kufundisha. Mwenzake wa kiume mwenye kipaji kama hicho angekuwa milionea. Wade alimfungulia mlango wa chuo. Uliofuata haukuwa umejengwa.

Margaret Wade alifariki Februari 16, 1995, akiwa na miaka 82. Ligi ya WNBA ilianza kuchezwa miaka miwili baadaye. Hakuiona.

Watu hupenda kusema kwamba subira huvuta heri. Ukisoma maisha ya Wade vizuri utaona kwamba subira peke yake haikumletea kitu. Katika ile miaka 41 alifundisha mamia ya wasichana kwa sheria zilizowabana, akajifunza kushinda, akajifunza kushindwa fainali tatu, akabaki karibu na mchezo hata ulipokuwa hauna nafasi yake. Sheria ilipobadilika, yeye alikuwa tayari.

Na wale wenzake waliosimama naye kando ya ule moto mwaka wa 1932? Wao pia walikuwa wanajua kucheza. Hakuna tuzo yenye majina yao, kwa sababu mtu fulani ofisini aliamua kwamba mchezo ni mzito mno kwao, na mlango ulipofunguliwa tena walikuwa wameshakuwa nyanya za watu. Wade alirudi na mataji matatu. Ule msimu mmoja aliokatiwa, yeye na wenzake, haukuwahi kuchezwa.